Si Kila Plastiki Nyeupe Ni Nailoni

Mwaka juzi nahodha mmoja wa Mikindani alinipigia simu alfajiri akiwa bado majini, akaniambia, "Mwanangu, shafti imegoma, kila nikiingiza gia injini inazima." Wiki sita kabla ya hapo nilikuwa nimemkerezea bushi ya nailoni, yaani bomba fupi la kushikilia shafti ya propela inapozunguka ndani yake, nikaiachia nafasi ya milimita 0.15 kwenye shafti ya milimita 35, kipimo ambacho kingetosha kabisa katika mashine ya nchi kavu. Tulipoivuta boti ufukweni, ilitubidi tuitoe bushi ile kwa nyundo. Kosa lilikuwa langu, wala sikuwa na wa kumsingizia.

Nailoni hunywa maji. Ile ya kawaida ikikaa majini muda mrefu hufyonza hadi karibu asilimia 9 ya uzito wake, na kadiri inavyofyonza ndivyo inavyovimba. Bushi iliyobanwa ndani ya bomba la chuma haina pa kutanukia upande wa nje, kwa hiyo uvimbe wote hurudi ndani, kwenye tundu la shafti. Ukuta wa bushi yangu ulikuwa milimita 8. Ukivimba kwa asilimia 1 tu pande zote mbili, nafasi yote niliyoiacha imekwisha. Asetali, plastiki nyingine ambayo machoni haina tofauti na nailoni, hufyonza chini ya asilimia 1, na polietilini ya molekuli ndefu haifyonzi kitu cha kuhesabika.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa kazi hii kwetu, maana kipande cheupe cha mviringo kikifika karakana kwa basi, mara nyingi bila karatasi yoyote, kila mtu hukiita nailoni. Mimi siku hizi hukata kipande kidogo na kukitia kwenye ndoo ya maji. Polietilini huelea, nailoni na asetali huzama, na tefloni, ambayo ina uzito wa zaidi ya mara mbili ya maji, huzama kama jiwe. Maji yawe ya kisima au ya bomba: aliyeko kwenye mashamba ya chumvi ya Lindi akitumia maji ya chumvi yaliyokolea kabisa, nailoni nayo itaelea na kumdanganya. Ili kuitenga nailoni na asetali, mimi huchoma unyoya mwembamba wa plastiki uliotoka kwenye mashine ya kukereza. Nailoni hunuka kama nywele zilizoungua. Asetali huwaka kwa mwali wa buluu usioonekana vizuri, na moshi wake huchoma pua na macho, kwa hiyo kipande kiwe kidogo na mlango uwe wazi. Tefloni usiichome kamwe, kwani mvuke wake ukipata moto mkali ni sumu.

Baada ya maji, jambo ninaloliuliza ni joto, na joto kubwa zaidi huwa ni lile ambalo bushi inajitengenezea yenyewe. Chuma hupitisha joto haraka, lakini plastiki hulishikilia, na isitoshe hutanuka mara saba hivi kuliko chuma. Ndiyo maana wahandisi huzidisha mgandamizo kwa mwendo kabla ya kuamua. Chukua shafti ya milimita 40 inayozunguka mara 100 kwa dakika, imebeba kilo 80 juu ya bushi yenye urefu wa milimita 40: mgandamizo ni kama megapaskali 0.5, mwendo wa uso wa shafti ni mita 0.2 kwa sekunde, na zao lake ni 0.1. Kwa nailoni isiyo na grisi hapo ndipo mpakani. Ukiongeza urefu wa bushi mgandamizo unapungua, lakini ukizidisha sana urefu huo joto hukosa pa kutokea, kwa hiyo mimi sipendi kuvuka mara moja na nusu ya kipenyo cha shafti.

Katika mitambo ya korosho nimekuwa mkaidi zaidi. Mahali ambapo korosho hupikwa kwa mvuke kabla ya kubanguliwa, mimi huweka bushi ya shaba na kuachana na plastiki, kwa sababu nailoni na asetali huchakaa mapema kwenye mvuke, na zile plastiki zinazouvumilia zina bei ambayo mwenye mashine ndogo hawezi kuilipa. Mahali yanapodondokea mafuta ya maganda, yale yanayobabua mikono ya wabanguaji, siweki nailoni hata kama pana baridi: mafuta hayo yako katika ukoo wa kemikali iitwayo fenoli, na fenoli huyeyusha nailoni. (Mafuta hayohayo huingia katika kutengeneza vitambaa vya breki, kazi inayotaka msuguano, kinyume kabisa cha ninachokitafuta mimi.)

Kwa mikanda ya kusafirishia mizigo, inayokwenda polepole na kupigwa na mchanga, polietilini ndiyo chaguo langu, mradi joto lisifike nyuzi 80. Asetali naiweka kwenye mashine za kuparaza mihogo. Tefloni tupu siitumii kubebea mzigo. Inateleza kuliko zote, lakini ni laini, na chini ya uzito hutambaa polepole mpaka umbo lake linapotea.

Bushi ya pili ya nahodha niliikereza kwa asetali, nikaichonga mifereji sita kwa urefu wake ili maji ya bahari yapite, yaipoze na kuusukuma mchanga nje, kwa kuwa chembe ya mchanga ikijichimbia kwenye plastiki laini inayoliwa ni shafti. Boti bado inakwenda kuvua. Ile ya nailoni niliiweka dirishani juani, na baada ya miezi mitano niliivisha kipande cha shafti ya milimita 35 kilichokuwa mezani. Ikapita hadi mwisho bila kusukumwa.