Mndimu Niliowaachia Viwavi

Bustani yetu hapa Malindi ni kiwanja cha mchanga nyuma ya nyumba: mndimu mmoja, ukuta wa bogenvilia, na mwembe wa jirani unaotuangushia maembe. Bogenvilia nilizipanda mimi, nikitaka vipepeo. Msimu mzima wakapita juu wakienda zao.

Aliyenifumbua macho ni shangazi yangu wa Gede. Yeye hulea viwavi wa vipepeo wa msitu wa Arabuko-Sokoke, na wakishajifunga ndani ya maganda huwauza kwa mradi wa Kipepeo ulioanza 1993 pale penye magofu. Alikuja kututembelea, akauona mndimu unang'aa kwa dawa niliyopuliza jana yake.

"Mwanangu, unaalika wageni na huku kitanda cha watoto wao umekipaka sumu?"

Kumbe vile vidude kama mavi ya ndege kwenye majani machanga, nilivyoviua mwaka mzima, ndio viwavi wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano. Huyo hutaga kwenye jamii ya ndimu na machungwa. Maua mazuri yasiyo na jani la kulisha watoto, kwake ni hoteli ya kupita tu.

Dawa nikaacha. Mvua za masika zilipotulia nikaona yai moja, dogo kama punje ya uwele, kisha kiwavi, kisha wanane. Wakikua hugeuka kijani. Nilimgusa mmoja kwa kijiti, akachomoza nyuma ya kichwa kipembe chekundu chenye ncha mbili kama ulimi wa nyoka, na harufu ilikaa puani mpaka magharibi. Mke wangu alicheka sana. Hakucheka tulipoanza kununua ndimu za kukamulia samaki sokoni.

Bogenvilia moja nikaing'oa, nikapanda zinia. Maembe yaliyoanza kuchacha nayaweka kwenye kisahani kivulini. Kuna vipepeo wenye mikia, wanene, ambao maua hawana haja nayo, wao ni maji ya tunda bovu. Nzi nao huja, sitaficha.

Kati ya wale wanane, nyigu na mjusi walichukua watano. Watatu walijifunga kwa uzi kwenye vijiti na kunyamaza. Baada ya kama wiki mbili, asubuhi moja kabla ya chai, ganda moja lilikuwa limepasuka, na mwenyewe ananing'inia pembeni, mabawa yamekunjamana kama kanga iliyotoka kufuliwa. Nikamwita mke wangu. Chai ikapoa.