Nimekulia Ziwani, Naenda Baharini, Kuogelea Sijui

Ngoja nianze na aibu yenyewe tuimalize. Nimezaliwa Kirumba, Mwanza, pembeni ya Ziwa Victoria, nikakulia hukohuko Kirumba, harufu ya dagaa wa mwaloni naijua kuliko ya marashi, lakini mpaka Septemba mwaka huu nilikuwa sijawahi kuzamisha uso kwenye maji yaliyozidi beseni. Na mtu huyohuyo ndo kalipia siku nne za kulala kwenye jahazi kule kisiwa cha Mafia, mchana kushuka majini na maski na mrija mdomoni kuangalia matumbawe na samaki. Tunaondoka Januari.

Ilivyoanza ni mchezo wetu wa kila mwezi, wanawake sita. Kijumbe akasema jamani kila mwaka tunapeana hela zinaishia kwenye makochi na mapazia, mwaka huu tusigawane, twendeni mahali. Mmoja akataja Dubai, mwingine Serengeti, ila Serengeti si iko hapo Lamadi, tunapita getini kila tukienda Musoma, ndo mimi kwa mdomo wangu huu nikasema bahari. Tukampata nahodha kupitia kwa shemeji wa mmoja wetu, unakodi chombo kizima na yeye mwenyewe humo, mabaharia wawili na mpishi, mnalala humohumo. Ukigawa kwa sita haiui. Inauma lakini haiui.

Watu wa Dar huwa wananishangaa, "si unakaa ziwani wewe?" Ndio nakaa ziwani, na ndo maana. Maji ya ziwa unayaangalia, unayavuka kwa kivuko cha Kamanga, unakula samaki wake, huyaingii. Shule ya msingi walikuwa wanakuja na ule mti wa kupimia urefu, unasimama, wanasoma umefika wapi, unapewa vidonge vya kichocho kulingana na urefu wako, tena baada ya uji maana ukivinywa na njaa utajuta, na mwalimu anarudia palepale kwamba vile vidudu vinatoka kwa konokono wa kwenye majani ya pembezoni, vinapita kwenye ngozi hata huvisikii. Ongeza mamba. Ongeza Mei 21, 1996. Kwetu kuzama kwa meli ya MV Bukoba haikuwa habari ya redioni, Mama alikuwa na rafiki yake humo, na mpaka leo tukipita makaburi ya Igoma walikozikwa wale wa meli anakata simu hata kama alikuwa katikati ya maneno. Halafu 2018 kikazama kivuko cha MV Nyerere pale Ukara, yote yakarudi upya. Sasa mtoto aliyelelewa hivyo umwambie eti weka uso kwenye maji ufurahi.

Kwa hiyo maandalizi yangu hayakuanza na kununua kitu, yalianza kwenye bwawa la hoteli moja, unalipa kiingilio, Jumapili asubuhi kabla watoto hawajajaa. Mwalimu wangu ni kijana wa Ukerewe, umri wa mdogo wangu wa mwisho, ananiita dada kwa heshima zote huku anajizuia kucheka. Siku ya kwanza alinikatalia kabisa kugusa maski. Akanishikisha ukingo akasema, "Dada, leo kazi yako ni kupuliza mapovu tu." Nimepuliza mapovu saa nzima, mtu mzima na shahada yangu. Wiki ya pili kuelea chali, ya tatu kifudifudi, na hapo ndo nikajua tatizo langu sio mikono wala miguu, ni pumzi. Nikishaweka uso majini nabana pumzi kama mtu anayesubiri sindano, na ukiwa na tabia hiyo mrija utakutesa, kwa sababu mrija unataka uvute taratibu kwa mdomo na utoe yote mpaka mwisho, ukivuta harakaharaka za juujuu ile hewa uliyokwisha kuitumia inabaki kwenye bomba unairudia tena na tena, moyo unaanza kwenda mbio na kumbe umesimama kwenye maji ya kiunoni. Maji yakiingia kwenye bomba usikurupuke, unapuliza mara moja kwa nguvu kama unatema mbegu ya ukwaju, yanatokea juu. Nilikunywa bwawa mara nne ndo nikaelewa.

Yule kijana alinipa moyo na kitu kimoja, kwamba baharini nitaelea kirahisi kuliko hapa. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35, maji ni mazito, yanakubeba. Nikamwambia basi mimi najifunzia pagumu, akasema ndio dada, ila huku hakuna wimbi. Akaniharibia.

Sasa maski. Ya kwanza niliinunua kwenye vibanda vya Makoroboi, elfu kumi na tano, na jaribio lake nilikuwa nalijua kabisa: unaiweka usoni bila kuvuta mkanda, unavuta hewa kidogo kwa pua, unaachia mkono, ikibaki imeng'ang'ania ni ya uso wako, ikidondoka irudishe. Ikadondoka mbele ya muuzaji. Akaniangalia akasema tatizo ni pua yangu. Na mimi nikainunua hivyohivyo, sijui kwa nini, nadhani niliona nikiikataa nitakuwa nimekubali kuhusu pua. Bila shaka ilivuja. Ya pili rafiki yangu kaninunulia Dar akaipakia kwenye basi, mpira wake laini, inakaa. Maski mpya ina kautando ka kiwandani ndani ya kioo, unakasugua kwa dawa ya meno mara mbili tatu, vinginevyo itajaa ukungu usione hata mkono wako, halafu kila ukikaribia kuingia majini unatemea mate ndani, unasambaza, unasuuza. Kijumbe wetu kasema yeye hatemei mate kitu anachokivaa usoni. Sawa, tutaonana huko. Nywele nazo zikiingia chini ya ule mpira inavuja, kwa hiyo nasuka twende kilimanjaro, zote zirudi juu, mjadala umefungwa.

Kuhusu jua, sisi weusi tunajidanganya sana. Ukielea kifudifudi masaa mawili, shingo, mgongo na nyuma ya magoti ndo vinakaangika, na maji ya baridi yanakuficha usisikie mpaka usiku. Mimi nimenunua fulana ya mikono mirefu ya kubana na taitsi, inanitosha, losheni nitapaka usoni na miguuni tu. Na losheni yenyewe soma nyuma ya chupa, zenye oksibenzoni na oktinoksati ziacheni, zinasemwa kudhuru matumbawe, Hawaii wamepiga marufuku kuziuza tangu 2021.

Kilichonifungua akili hata hivyo sio vitu vya kununua, ni sauti ya WhatsApp ya nahodha, dakika sita nzima, mzee anaongea Kiswahili cha pwani mpaka unataka kumwandalia kahawa. Tulikuwa tumempa tarehe za mwezi mpevu, tukaona ni mahaba, jahazi na mbalamwezi. Akasema, "Wanangu, tarehe hizo ni bamvua, sogezeni mbele wiki moja." Bamvua ni pale maji ya bahari yanapojaa sana na kukauka sana, kwenye mwezi mpevu na mwezi mwandamo, pwani yetu tofauti ya kujaa na kupwa inafika karibu mita 4, na maji yote hayo yakiingia na kutoka kwenye mlango wa ghuba ya Chole yanakwenda kasi, mtu wa mapovu kama mimi hatakiwi kuwa humo. Wiki moja baadaye ni maji mafu, yanatulia. Nikaketi nikawaza. Huku kwetu pia mwezi ndo bosi, wavuvi wa dagaa mwezi ukiwa mkubwa wanapumzika kwa sababu taa zao hazina kazi, na giza likirudi unaona ziwa limewaka taa kama kuna mji mwingine kule. Ila mwezi kuyapandisha na kuyashusha maji yenyewe mara mbili kwa siku? Ziwani ukiacha mtumbwi ufukweni asubuhi, jioni maji yako palepale.

Januari akasema ni kaskazi, upepo mzuri, na papa potwe bado wapo upande wa Kilindoni, wanaonekana kuanzia Oktoba mpaka Machi. Ni samaki mkubwa kuliko wote duniani na anakula viumbe vidogo anavyovichuja majini tu. Hagusiki, unaelea mbali kidogo unamuangalia. Nilipomuuliza kuhusu kichefuchefu akasema tukibisha, yaani tukienda dhidi ya upepo kwa kukata kushoto na kulia, tusikae chini ndani, tukae juu tuangalie mbali pale bahari inapokutana na mbingu. Shangazi yangu aliyekuwa anapanda MV Victoria toka Bukoba kila likizo anaamini tangawizi mbichi, nabeba, na vidonge pia, vya kumeza kama saa moja kabla. Vinalewesha usingizi. Nitajaribu kimoja nyumbani kwanza.

Na maji ya kunywa. Hili lilinikalia kichwani siku mbili. Mzee anasema maji baridi ni ya kunywa na kupikia, kuoga ni kasufuria kamoja jioni kutoa chumvi. Mvuvi wa Igombe akishikwa na kiu anachota pembeni ya mtumbwi, najua haishauriwi lakini anachota, maisha yanaendelea. Kule umezungukwa na maji mpaka macho yanaishia na unabeba madumu. Nimewaambia wenzangu kila mtu aje na chupa yake ngumu, hakuna anayenielewa.

Jana nimepanga begi. Sio sanduku, begi laini, kwa sababu kale kandege ka Dar kwenda Mafia mwisho kilo 15, na kwenye chombo sanduku halina pa kukaa. Nikapima, kilo 16 na nusu. Nikafungua kutafuta cha kupunguza, nikakuta chini kabisa kifurushi cha gazeti, sato wakavu wawili na kilo ya dagaa. Mama kaweka. Nikamwambia Mama, naenda baharini, unanipa samaki nipeleke baharini?

"Hao wa kwao wana chumvi," akasema. "Mpe nahodha, mwambie tumemuomba akutunze."

Nikatoa pasi ya nywele na viatu vya kisigino, sijui vilikuwa vinaenda wapi. Mama bado kasimama mlangoni. Akaniuliza swali moja tu, kama yale majaketi okozi ya huko yana filimbi. Nikamwambia sijui, ntamuuliza mzee. Akasema muulize sasa hivi.

Nimemtumia ujumbe. Yana filimbi.