Gombe kwa siku moja, kwenye jua la mwisho wa kiangazi

Jua la Kigoma lina saa zake. Tuko magharibi kabisa mwa nchi lakini saa zetu za ukutani ni zilezile za Dar es Salaam, kwa hiyo mwezi Septemba linachomoza karibu saa moja asubuhi, na utosini linafika karibu saa saba mchana, si saa sita. Mwisho wa mwezi huo na mwanzo wa Oktoba linapita juu ya vichwa vyetu hasa. Ukisimama mchana, kivuli chako unakikanyaga. Nyasi za milimani zimekauka, mvua za kwanza bado. Ni majira hayo niliyompeleka mama mkubwa Gombe, hifadhi ya taifa ya sokwe kando ya Ziwa Tanganyika, kwenda na kurudi siku hiyohiyo, na tulitembea kweli, hatukukaa ufukweni.

Naandika kwa sababu watu wengi wa hapa mjini wamezaliwa na kukua jirani na Gombe bila kuikanyaga. Ukiwauliza, wanakupa sababu mbili: kwamba ile ni sehemu ya Wazungu, na kwamba kupanda vilima vile kwa jua hili ni kujitafutia maradhi. Ya kwanza si kweli. Mtanzania analipa kiingilio cha raia, kwa shilingi, mradi abebe kitambulisho. Ya pili ina uzito, kwa sababu joto lile halina mzaha, na ndilo nililolipangia safari nzima.

Mama mkubwa ni muuguzi mstaafu, ana zaidi ya miaka 60, anaishi Tabora. Alikuja kwa treni kututembelea, na nilipomtajia Gombe alikubali papo hapo, kisha akaanza maswali ya wodini. Nani kati yenu ana presha? Nani anatumia dawa za kuongeza mkojo? Maji lita ngapi, na nani atayabeba? Alitueleza kwamba kadiri mtu anavyozeeka ndivyo anavyochelewa kuhisi kiu, kwa hiyo mzee hasubiri kiu ndipo anywe, anakunywa kwa saa. Yeye mwenyewe alikwenda kwanza kwa daktari kuuliza kuhusu vidonge vyake vya presha, akaruhusiwa. Shemeji yangu aliyekuwa na mafua alibaki nyumbani, na hilo halikuwa la kujadiliana: sokwe wanaambukizwa magonjwa yetu kirahisi. Mwaka 1966 polio iliwapata sokwe wa Gombe, wengine wakafa, wengine wakabaki na viungo vilivyopooza. Mafua ya kawaida kwetu, kwao yanaweza kuwa msiba.

Jambo la pili lilikuwa boti. Hakuna barabara ya kuingia Gombe; ni maji tu, kilomita kama 16 kaskazini mwa mji. Zipo boti za abiria zinazotoka mwalo wa Kibirizi kwenda vijiji vya kaskazini, nauli yake ndogo, lakini zinaondoka mchana na kurudi mjini asubuhi ya kesho yake. Anayetaka kwenda na kurudi siku moja hawezi kuzitegemea. Tulikodi boti ya mbao yenye injini, tukachangiana watu watano, na bei tulimalizana na nahodha siku moja kabla: mafuta ndani yake, kutusubiri ndani yake, jaketi okozi kwa kila mtu. Ofisi ya hifadhi nayo tuliiarifu mapema ili tukifika mtembezaji awe tayari. Nasisitiza hili kwa sababu kila nusu saa mnayoipoteza asubuhi mtailipa kwa jua mlimani.

Tuliondoka Kibirizi giza halijaisha, taa za wavuvi wa dagaa bado zikiwaka ziwani. Kulipokucha tulikuwa tunapita Kalalangabo, kisha Mtanga, wanawake wakianika dagaa mchangani na mitumbwi ikishusha. Mama mkubwa alikuwa akitazama milima. Juu ya vijiji vile ni vipara, mashamba ya muhogo hadi kileleni, udongo mwekundu umechanwa na mvua za miaka mingi. Kisha, bila kibao chochote, miti inaanza, na hapo ujue umefika mpaka wa hifadhi. Ilikuwa pori la akiba tangu 1943 na ni hifadhi ya taifa tangu 1968, kilomita za mraba hamsini na kitu tu, miongoni mwa ndogo kabisa nchini. Nje yake misitu ilikuwa karibu kwisha, hadi mwaka 1994 ulipoanza mradi wa TACARE wa kupanda miti na kuwashirikisha wanavijiji. Kwenye baadhi ya vilima vya nje tuliona vichaka vinavyorudi, nami nilifurahi kuliko nilivyotarajia.

Kasekela, kambi ya hifadhi iliyoko ufukweni, tulifika watu wakipiga mswaki. Hapo ndipo nilipoielewa faida ya kuwahi, na ndiyo kiini cha haya ninayoandika. Gombe yote imelala kwenye ukuta wa bonde la ufa unaotazama magharibi. Ziwa liko mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa juu unapita mita 1,500. Jua linachomoza nyuma ya ukuta huo. Asubuhi, upande wa ziwa unachelewa kulipata, na hata likishavuka ukingo bado linakupiga kwa mshazari. Mchana mambo yanageuka: linaupiga mteremko uso kwa uso, na mwanga mwingine unarudi kutoka majini. Kwa hiyo mpango ni mmoja: sehemu za wazi za juu zipandwe asubuhi, msitu wa bondeni uachwe kwa ajili ya mchana. Mtembezaji wetu, kijana wa kijiji cha Mwamgongo, alipotuuliza tunataka kuanza na sokwe au na kilele, tulimjibu kilele. Alitabasamu akasema, "Mama, mmefanya vizuri. Wengi wanakitaka kilele saa saba."

Kuna jambo la kuamua hapo, na sitalificha. Watafutaji wa sokwe wanaingia msituni alfajiri, kwa kuwa sokwe huamka kwenye viota vyao vya juu ya miti na kuanza kutembea. Ukienda kwanza kileleni unaweza kuwakosa. Kundi la vijana wenye miguu mizuri wangeanza na sokwe. Sisi tulikuwa na mtu mzima, tukaamua kwamba usalama wake unatangulia, na mtembezaji akawa na redio ya mawasiliano kujua walipo.

Njia inapanda kwenye bonde la Kakombe, kwanza chini ya miti mikubwa na michikichi, kisha inatoka kwenye miombo, miti iliyoachana, majani makavu yanayoteleza chini ya viatu. Hapo ndipo joto linapoanza kukutambua. Tulikuwa na lita tatu za maji kila mmoja, pakiti za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji), mayai ya kuchemsha, karanga za chumvi. Mashati ya mikono mirefu, kofia pana, na kila mtu kitenge shingoni kilicholoweshwa kijitoni. Mwendo aliupanga mama mkubwa: tembea dakika 20, simama 5 penye kivuli, kila mtu anywe, atake asitake.  Mtu akishindwa kusema sentensi nzima bila kuhema, kundi lote linapunguza mwendo.

Mpwa wangu, miaka 19, mchezaji wa mpira, aliona mwendo ule ni wa wazee. Alitangulia na kurudi, akatangulia tena. Tulipomkuta ameketi kwenye jiwe alikuwa amepauka, anatoka jasho jingi la baridi, kichwa kinamzunguka. Mama mkubwa hakupandisha sauti. "Lala hapa mwanangu, kichwa chini." Alimweka kivulini, miguu juu ya begi, akamlegeza mkanda na viatu, akamfunika kitenge chenye maji shingoni na mwingine akampepea kwa kofia. ORS alimpa kidogokidogo, si kwa pupa, asije akatapika. Wakati huohuo alitufundisha tofauti ambayo nataka kila msomaji aijue: anayetoka jasho, ana kizunguzungu lakini anajibu maswali vizuri, apumzike, apozwe, anyweshwe. Anayechanganyikiwa, anayeongea ovyo au kuanguka, ngozi ikiwaka moto, awe na jasho au asiwe nalo, huyo anakufa msipofanya haraka: mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, na mteremsheni kutafuta hospitali. Na Gombe hospitali iko ng'ambo ya safari ya boti. Mpwa wangu alijibu maswali yote, hata tarehe ya siku. Baada ya kama nusu saa rangi ilirudi. "Samahani, bibi," alisema, na kuanzia hapo alitembea nyuma yake, akimbebea begi.

Kilele chenyewe kinaitwa kwa jina la Jane. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe kutoka Uingereza, alifika Gombe tarehe 14 Julai 1960 akiwa na miaka 26, na kwa kuwa wakubwa wa serikali ya wakati ule hawakutaka akae peke yake, alikuja na mama yake, Vanne. Miezi ya mwanzo sokwe walimkimbia, akawa anapanda huku juu kuwatazama kwa darubini. Yeye na mama yake waliugua malaria vibaya hapahapa. Mama mkubwa alimuuliza sana mtembezaji juu ya huyo mama, kuliko juu ya binti. Alitaka kujua alikuwa akifanya nini kutwa nzima kambini. Akaambiwa kwamba alikuwa akiwatibu wavuvi kwa dawa ndogondogo. "Basi ndiye aliyewafanya wakubalike," alisema, na nadhani hakukosea. Jane alifariki Oktoba 2025, akiwa na miaka 91.

Mandhari ya juu mwezi Septemba si ya picha za kalenda. Moshi wa mashamba yanayochomwa unalifunika ziwa, na milima ya Kongo inaonekana kama mstari hafifu tu. Lakini unaona umbo lote la nchi: mabonde ya kijani yanayoteremka ziwani, kati yake migongo ya nyasi za rangi ya mkate, na upande wa mashariki mashamba yanaanza pale pale hifadhi inapoishia. Ukiona hivyo huhitaji kuelezwa sokwe hawa wamezingirwaje.

Saa nne na nusu redio iliita. Sokwe wameonekana wameshuka karibu na kijito cha Kakombe. Jua lilikuwa limeanza kuuma, nasi tukaingia msituni kwa wakati wake hasa. Barakoa zikavaliwa, mita 10 zikapimwa kwa macho, na saa moja ikaanza kuhesabiwa, maana hairuhusiwi kuzidi. Walikuwa majike wawili na watoto, na dume mmoja mzee aliyejilaza chali kwenye majani, mkono juu ya paji la uso. Hawakuwa na shughuli yoyote. Joto likikolea, nao hupumzika. Wanatembea na kula asubuhi, mchana wanatafuta kivuli na kuchanana manyoya, jioni wanaamka tena. Mtembezaji alituambia kwa kunong'ona kwamba kiangazi, vijito vidogo vikikauka, huonekana wakitafuna majani kidogo, wakayachovya kwenye shimo la mti lenye maji, kisha wakayafyonza. Nilikuwa nimeshika chupa yangu mkononi, nikaitazama kwa heshima mpya.

Kichuguu alichotuonyesha njiani kilikuwa kimya. Sokwe kuvua mchwa kwa vijiti, jambo ambalo Jane aliliona mwaka ule wa 1960 kwa dume aliyempa jina la David Greybeard, hushika kasi mvua zinapoanza. Kabla ya hapo wataalamu waliamini binadamu peke yake ndiye anayetengeneza zana.

Saa saba, jua utosini, sisi tulikuwa chini ya maporomoko ya Kakombe. Maji yanaanguka mita kama 25 kwenye ukuta wa mwamba, upepo wa baridi unatoka chini yake, na shati linakauka likiwa la ubaridi. Madume ya sokwe huja hapa kucheza kwa nguvu, wakining'inia kwenye mitambaazi ya msituni na kurusha mawe. Hatukuwaona, lakini tulikaa muda mrefu, mama mkubwa amevua viatu. Kama nina ushauri mmoja tu wa kumpa mtu, ni huu wa kuyaweka maporomoko saa saba.

Chakula tulikula Kasekela ndani, mlango umefungwa, kwa sababu nyani wa ufukweni wanajua begi lenye ndizi ni lipi. Wali, migebuka ya kukaanga, maji tena. Nahodha alitaka tuondoke kabla ya saa kumi, ziwa lisije likabadilika, na hatukubishana naye. Kwenye boti tulitandika vitenge juu ya fito kuzuia jua la magharibi, ambalo saa hizo linakupiga usoni na kutoka majini kwa pamoja. Walioacha kofia mkobani walikuwa wameungua kabla ya kufika Mtanga.

Mama mkubwa alikaa wiki moja zaidi, magoti yakimuuma siku mbili za mwanzo. Kabla ya kupanda treni aliniagiza niulize bei za vyumba vya kulala hifadhini mwezi Desemba, sokwe wakiwa kwenye vichuguu. Tukilala, tutaweza kutumia boti ya abiria na gharama itashuka sana. Mpwa wangu ameshachangia.