Napanga safari za kuzamia baharini, na ofisi yangu iko Iringa

Saa 1 asubuhi nafungua ofisi, vioo bado vina ukungu wa baridi. Wateja wa mbuga ya Ruaha, malipo ya magari, chai na chapati. Hadi saa 3 hayo yamekwisha.

Watu wengi hudhani kazi hii ni kukata tiketi tu. Laiti wangeshinda nami leo.

Saa 4 anaingia mzee wa Mafinga, mfanyabiashara wa mbao. Binti yake na mkwewe wanakuja kutoka Uingereza, wote wazamiaji.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Wanataka kisiwa cha Mafia mwezi wa nne, wanasema ndiyo majira mazuri."

Huko kwao ndiyo, majani yanachipua. Kwetu Pwani Aprili ni masika: Mto Rufiji unamwaga tope baharini ng'ambo ya kisiwa, maji yanachafuka, na hoteli kadhaa za Mafia hufungwa. Papa potwe nao huonekana zaidi Oktoba hadi Februari. Tukakubaliana wiki ya kwanza ya Machi.

Kisha akatoa ratiba yake. Jumapili asubuhi wanazamia Ghuba ya Chole, mchana ndege hadi Dar, usiku basi, alfajiri wako Iringa. Nikamwambia hapana, si ndege wala basi.

"Ndege sawa. Basi nalo lina nini?"

Neno hilo lilitula saa nzima. Nikamweleza: chini ya maji mtu anavuta hewa yenye mgandamizo, naitrojeni inajaa mwilini, na inataka muda kutoka. Ukipanda juu mapema inatoka kwa mapovu, kama soda iliyofunguliwa. Aliyezamia mara kadhaa hushauriwa asubiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Mwili hauulizi umepandishwa na ndege au na basi kwenye mlima wa Kitonga.

Akasema namwongezea gharama. Iliniuma sana, maana usiku ule wa ziada sipati hata shilingi. Nikachukua pakiti ya krispi niliyoletewa kutoka Dar, haijafunguliwa, imevimba ngumu, nikamwekea mkononi. Akaibonyeza. Akaibonyeza tena.

"Imevimba njiani?"

"Njiani, baba. Kitonga."

Akanyamaza, akaaga.

Mwaka wangu wa kwanza nami sikujua. Mkufunzi wa Mafia aliniuliza kwenye simu wateja wangu wanarudi mji gani. Nilipomtajia Iringa, akafuta mbizi yao ya mwisho. Tangu hapo swali hilo ndilo la kwanza kwangu.

Chakula cha mchana kilinipita. Boti ya Mafia kutoka Nyamisati, hoteli haipokei simu, umeme ukakatika, picha za vyeti vya uzamiaji zikaja hazisomeki, nikaomba nyingine. Giza limeingia, mgongo unawaka, ndipo mzee akapiga: weka huo usiku wa Dar.

Nikaandika upya kwa mkono. Jumapili, mbizi ya mwisho. Jumatatu, boti, kulala Dar. Jumanne asubuhi, basi.