Namba 164

Leo tumerudi kupima kasi ya damu kichwani mwa mwanangu mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi unaopinda chembe nyekundu za damu. Mtaalamu alimpaka jeli ya baridi kwenye panja, akagusisha kifaa kidogo kama kalamu nene, na chumba kizima kikajaa sauti: fwuu, fwuu, fwuu. Damu yake hiyo, inapita kichwani. Yeye alikuwa anacheka. Mimi macho yangu yote kwenye namba.

Zikifika 200, yaani sentimita 200 kwa sekunde, hatari ya kiharusi ni kubwa. Damu ikienda mbio kiasi hicho, mara nyingi njia imeshakuwa nyembamba, kama maji ukiubana mdomo wa mpira kwa kidole.

Dada yake hakupimwa hivi. Alikuwa na miaka sita, tumekaa mezani, kijiko kikamponyoka. Akakiokota kwa mkono wa kushoto, nikadhani ni mchezo. Nilipomwita akageuka, mdomo umekwenda upande.

Selimundu nilikuwa naijua kwa maumivu ya mifupa, macho ya njano na upungufu wa damu. Ubongo hakuna aliyenitajia. Hata niliyemkuta zamu siku ile alinikatalia: kiharusi ni cha wazee wenye presha, mtoto huyu ameanguka tu. Kumbe zile chembe zilizopinda huziumiza kuta za mishipa mikubwa ya ubongo, kuta zinanenepa kidogo kidogo, na mtoto anaendelea kucheza.

Kinachoniuma zaidi ni mwaka 1998. Ndipo ulipotoka utafiti ulioonyesha kwamba watoto wenye kasi hiyo wakiongezewa damu mara kwa mara, kiharusi cha kwanza hupungua kwa zaidi ya asilimia 90. Binti yangu alikuwa hata hajazaliwa! Kipimo chenyewe hakina sindano wala mionzi, na mtoto mwenye selimundu anatakiwa kufanyiwa kila mwaka tangu akiwa na miaka 2 hadi 16. Mwenye mtoto, ulizia.

Kwenye benchi nilikaa na mama mmoja aliyepooza angali kijana. Yeye hana selimundu. Uboho wake hutengeneza chembe nyekundu kupita kiasi, damu inakuwa nzito na kuganda. Naye presha hana.

Tulipofika nyumbani binti yangu alikuwa anaandika, kwa kushoto. Kila mwezi huongezewa damu ili kiharusi kisirudi.

"Mama, mdogo wangu amepata ngapi?"

"164."

Akafungua daftari lake ukurasa wa mwisho, akaiandika chini ya namba ya mwaka jana.