Jiwe la shangazi
Mwaka 1998, nikiwa kidato cha tano huko Mbale, Uganda, mjiolojia mmoja kutoka Entebbe alitutembelea shuleni. Alisema jiwe lina saa ndani yake, na kwamba Ijumaa angerudi kumfundisha kuisoma yeyote atakayemletea jiwe la Mlima Elgon, volkano ya kale iliyo jirani yetu.

Mimi nilikuwa nalo tayari. Shangazi yangu alikuwa akiponda kokoto chini ya mlima wa Wanale, na nyuma ya nyumba yake palikuwa na bonge la kahawia nililolikalia tangu utotoni. Kama kuna jiwe la kale, ni lile.

Alinikuta nikihangaika kulimega. "La nini hilo?" Nikamweleza. Akachukua nyundo yake ndogo akaligonga: pu. Kisha akagonga jeusi moja kwenye rundo lake, likalia ngii, kama ile rimu ya gari tuliyokuwa tukigongewa shuleni badala ya kengele.

"Lako limeoza, mwanangu. Hata mwenye lori hawezi kulinunua."

Muuza kokoto kwa debe angejua nini habari za mamilioni ya miaka? Nililisugua kwa sabuni na brashi ya viatu, nikalitia kwenye gunia, nikaita boda boda ya baiskeli. Kijana alinidai nauli ya watu wawili.

Mgeni alilipasua kwa pigo moja. Ndani lilikuwa laini, rangi ya udongo. "Limeoza," akasema. Neno lile lile.

Akaeleza akiwa amechuchumaa pale uwanjani. Lava ina potasiamu, na sehemu ndogo ya hiyo, potasiamu-40, hubadilika taratibu mno: nusu yake huchukua miaka bilioni 1.25 kuisha, na kiasi chake huwa gesi ya argoni. Lava ikiwa moto, gesi hutoroka. Ikishaganda, hunaswa humo, na saa huanza kuhesabu. Ukipima potasiamu iliyobaki na argoni iliyojikusanya, umepata miaka. Ila jiwe lililoliwa na maji na mizizi huvujisha argoni, likajifanya dogo kuliko lilivyo.

Nikauliza kama jiwe la Elgon lisilooza lingetupa umri wa dunia. Alicheka sana. Elgon ni mtoto, akasema, miaka milioni 20 na kitu tu. Dunia imeshayeyusha na kusaga mawe yake ya mwanzo, kwa hiyo Mmarekani Clair Patterson aliamua kutumia vimondo, vilivyoumbika wakati mmoja na dunia, kikiwemo cha Canyon Diablo kilichoanguka Arizona. Alipima ndani yake risasi, madini ambayo urani huishia kuwa, na mwaka 1956 akachapisha jibu: miaka bilioni 4.55. Kilichomtesa hasa ni uchafu. Risasi ilikuwa hewani, kwenye vumbi, kwenye vyombo vyake vya maabara, na ilimpasa kusafisha kila kitu kabla hajaziamini namba zake.

Nikaikumbuka brashi yangu ya viatu. Nikanyamaza.

"Niletee linalolia," aliniambia akipanda gari.

Jioni nilimkuta shangazi ameketi juu ya gunia lake, nyundo mkononi. Lile jeusi alikuwa amelitenga pembeni, mbali na rundo.

"Shilingi mia mbili," akasema, bila kuinua uso.