Kutoka wavu wa mtaro hadi njia ya msituni: uzoefu wangu wa kutafuta usalama wa baiskeli Nakuru

Mwezi wa Aprili mwaka wa 2023, mvua za masika zilipokuwa zimeshika Nakuru, mwanafunzi wangu wa kidato cha pili alianguka na baiskeli akiwa njiani kuja shuleni, akavunjika mtulinga. Hakugongwa na gari, wala hakuwa akienda kasi. Gurudumu la mbele lilizama kati ya vyuma vya wavu unaofunika mtaro wa maji kando ya lami, kwa sababu vyuma hivyo vilikuwa vimelazwa kufuata mwelekeo wa barabara badala ya kuikingama, na asubuhi hiyo wavu wote ulikuwa umefunikwa na maji ya matope. Nilipofika pale alipoangukia, mchoma mahindi aliyemwinua aliniambia, "Mwalimu, huyu si wa kwanza. Wiki iliyopita alianguka mzee wa maziwa, mitungi yote ikamwagika hapo hapo." Maneno yale yaliniuma sana, kwani mimi mwenyewe nilikuwa nikiukwepa wavu ule kila asubuhi kwa miaka kadhaa bila kumwambia mtu yeyote.

Ninaishi pembezoni mwa msitu wa Menengai, na shule ninayofundisha iko chini, karibu na mji. Mji wa Nakuru uko kwenye mwinuko wa mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, nao ukingo wa kreta ya Menengai unafika mita 2,278, kwa hiyo sisi tunaokaa upande wa juu huteremka asubuhi na kupanda jioni. Wanaotumia baiskeli huku ni mzee wa maziwa anayetoka Bahati, kijana wa mjengo anayetakiwa kazini kabla ya saa moja, mama anayepeleka sukumawiki sokoni, na mwanafunzi ambaye mzazi wake hawezi kulipa nauli ya matatu mara mbili kwa siku. Watu hawa wana njia mbili tu za kuchagua: barabara kuu, ambako malori hupita karibu na kiwiko cha mkono, au njia ya mkato inayopita msituni, ambayo wakati huo ilikuwa imechimbwa na maji hata ikafanana na mfereji.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa barua ndefu ya kuomba njia za baiskeli katika barabara zote za mji. Niliiandika kwa hasira na kwa moyo safi, nikaipeleka mwezi wa Mei katika ofisi moja, ambako nilielekezwa ofisi ya pili, na ya pili ikanirudisha kwa ile ya kwanza. Ilinichukua majuma kadhaa kuelewa kwamba kosa moja lilikuwa langu: nilikuwa nimeomba kila kitu kwa mtu ambaye hakuwa na mamlaka juu ya kila kitu. Tangu Sheria ya Barabara ya Kenya ya mwaka wa 2007, barabara kuu za kitaifa zina mamlaka yake, za mijini zina yake, na za mashambani zina yake. Kisha Katiba ya 2010 ikazikabidhi serikali za kaunti barabara za kaunti. Maana yake ni kwamba mtu anayeendesha baiskeli kwa dakika ishirini anaweza kupita mikononi mwa wenye barabara watatu, na akiingia msituni anakuwa katika ardhi ya mwingine wa nne. Gurudumu halijui mipaka hiyo, lakini barua ni lazima iijue.

Kwa hiyo niliiweka kando ile barua, nikaanza upya kwa kuhesabu mahali penye hatari. Tulikuwa watu sita: mimi, mzee wa maziwa aliyeanguka, fundi wa baiskeli wa mtaani kwetu, wazazi wawili, na kijana wa bodaboda ambaye nilimwalika kwa makusudi, kwa sababu malalamiko mengi ya wapanda baiskeli yalikuwa juu ya bodaboda na sikutaka azungumziwe akiwa hayupo. Kwa Jumamosi tatu tulitembea njia nzima kwa miguu tukiwa na futi kamba, simu ya kupigia picha na daftari. Kila mahali tuliandika mambo manne tu: kuna nini, kuna upana gani, nani hupita hapo na saa ngapi, na ni ya nani. Fundi ndiye aliyetufaa zaidi ya wote. Yeye hupokea magurudumu yaliyopinda na spoki zilizokatika, na kwa kutazama jinsi rimu ilivyopinda aliweza kukumbuka mteja alivunjikia wapi. Sehemu tatu ambazo hakuna yeyote kati yetu aliyekuwa amezifikiria zilitoka katika kumbukumbu zake.

Jambo la "ni ya nani" lilipotushinda, nilitumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka wa 2016, ambayo inampa mwananchi haki ya kuuliza ofisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 21. Niliuliza swali moja fupi, kwamba kipande hiki cha barabara, kutoka hapa hadi pale, kinatunzwa na nani. Jibu lilikuja kabla ya muda kwisha. Baada ya hapo, barua ya wavu wa mtaro ilikuwa na ukurasa mmoja, picha mbili, kipimo cha nafasi kati ya vyuma, na ombi moja: vichomelewe vyuma bapa vya kukingama juu yake. Hatukuomba bajeti mpya, kwa maana kazi hiyo ilikuwa ya ukarabati wa kawaida. Mwezi wa Julai mafundi walikuja na mashine ya kuchomelea, wakamaliza nyavu zote za kipande hicho kwa siku moja. Mzee wa maziwa alisimama pale akiwatazama mpaka wakaondoka.

Mambo makubwa zaidi, kama kupanua ukingo wa lami, yanahitaji fedha zilizopangwa, na hapo nilijifunza kalenda ambayo ningependa kila kikundi cha mtaa kiijue. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka wa 2012, mpango wa maendeleo wa kila mwaka wa kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, yaani miezi kumi kabla ya mwaka unaohusika kuanza, na makadirio ya bajeti hufuata kufikia tarehe 30 Aprili. Barua yangu ya Mei ilikuwa imefika wakati mlango umekwisha kufungwa, hata kama ingesomwa na mtu mwema kiasi gani. Barua mpya ya mambo hayo makubwa tuliipeleka mwanzoni mwa Agosti, kisha tukahudhuria kikao cha maoni ya wananchi katika wadi.

Katika kikao hicho nilipewa dakika tatu. Sikusoma hotuba. Nilitoa picha 5, nikaeleza kwamba Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kila asilimia 1 ya ongezeko la mwendo wa wastani wa magari huongeza hatari ya ajali ya kifo kwa asilimia 4, nikaomba matuta na alama za mwendo mahali pawili ambapo watoto huvuka. Mwenye duka mmoja alipinga, akisema matuta yatamharibia wateja wenye magari. Nilitaka kumjibu, lakini mama aliyekaa nyuma yangu alinitangulia kwa upole: "Baba, wateja wako wengi tunakuja kwa miguu na kwa baiskeli. Ukituhesabu utaona." Yule mwenye duka alinyamaza kidogo, kisha akauliza matuta yangewekwa umbali gani kutoka mlangoni mwake. Mwishowe tulikubaliana juu ya mahali, naye akatia sahihi pamoja nasi.

Kazi iliyonifundisha mengi zaidi, hata hivyo, ilikuwa ya njia ya msituni. Huwezi kuingia katika msitu wa umma na jembe lako ukaanza kuchimba, hata kama nia ni njema. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka wa 2016 inatambua vyama vya jamii vinavyoshirikiana na serikali katika kutunza msitu, na ni kupitia chama cha namna hiyo ndipo tulipoomba ruhusa kwa wenye msitu. Tuliruhusiwa kurekebisha njia iliyokuwapo, si kufungua mpya, na tukakatazwa kukata mti wowote ulio hai. Masharti hayo yalikuwa ya haki.

Udongo wa Menengai ni jivu na kokoto nyepesi za volkano. Wakati wa kiangazi huwa vumbi ambalo gurudumu huzama ndani yake, na mvua ikija maji huubeba wote kama unga. Njia ilikuwa imenyooka moja kwa moja kutoka juu hadi chini, kwa hiyo kila mvua iliigeuza kuwa mto. Hapo tulifanya kosa. Tulichukua magogo ya mikaratusi yaliyokuwa yameanguka, tukayalaza kukingama njia ili yazuie maji, tukarudi nyumbani tukiwa tumefurahi. Juma lililofuata kijana mmoja alipita juu ya gogo lililolowa, gurudumu likateleza kana kwamba limepakwa sabuni, akachubuka uso na mikono. Nilikwenda kwao kumwomba radhi mimi mwenyewe, na wazazi wake walinipokea vizuri kuliko nilivyostahili.

Tuliyaondoa magogo yote. Mahali pake tulichimba mibonyeo mipana na ya kina kifupi, iliyolazwa kwa mshazari, yenye tuta la chini upande wa kuteremkia, ili maji yatoke pembeni na kuingia kwenye majani huku baiskeli ikipita bila kurushwa. Katika sehemu mbili zenye mteremko mkali tuliipindisha njia ifuate ubavu wa kilima ndani ya upana tulioruhusiwa. Watengenezaji wa njia za baiskeli katika nchi nyingine wana kanuni kwamba mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa ubavu inaoupita, na kwamba kwa wastani usivuke asilimia 10, yaani kupanda mita moja kwa kila mita kumi za kwenda mbele. Tulizifuata kwa kutumia ubao, kamba na pima maji ya fundi mwashi. Tulifanya kazi hiyo kwa majembe, sururu na makarai kuanzia Agosti hadi Septemba. Mvua za El Niño za mwishoni mwa mwaka huo wa 2023 ndizo zilizotupima. Mibonyeo miwili iliziba kwa udongo, nasi tukaizibua. Mingine yote ilisimama.

Lakini udongo ulikuwa nusu ya tatizo tu. Akina mama wanaotoka kuokota kuni hutumia njia hiyo hiyo, na walikuwa wakiwaogopa vijana wanaoteremka kwa kasi. Mimi nilikuwa nimependekeza kibao cha kuwaambia waendao kwa miguu wakae upande wa kushoto. Shosho mmoja, aliyekuwa ameketi juu ya mzigo wake akipumzika, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, nikiwa nimebeba kuni mgongoni na kamba iko kwenye paji la uso, mimi sioni mbele. Naona miguu yangu tu. Hicho kibao nitakisoma vipi, na nikisikia baiskeli nitageuka vipi?"

"Tufanye nini, Shosho?" nilimuuliza.

"Wao wana breki. Sisi hatuna."

Kanuni ya njia yetu ilitokana na maneno hayo: anayeteremka humpisha aliyebeba mzigo, hupiga kengele kabla ya kila kona isiyoonekana mbele, na katika kipande chembamba karibu na bonde hushuka na kuikokota baiskeli. Fundi alifunga kengele bure kwa wanafunzi wote wa njia ile, kwa fedha tulizochanga. Vijana wawili walikataa mwanzoni kushuka. Tuliwapa wao wenyewe kazi ya kusimamia kipande hicho kwa mwezi mmoja, na tangu wakati huo sijasikia malalamiko juu yao.

Fundi alisisitiza pia kwamba baiskeli zenyewe zikaguliwe. Breki za fito za baiskeli nzito aina ya Black Mamba hushika vibaya rimu ikilowa, na mwenye mitungi ya maziwa nyuma hawezi kusimama ghafla kwenye mteremko mrefu. Taa za dinamo nazo huzimika gurudumu likisimama, yaani mtu huwa gizani wakati ule ule anaposubiri kuvuka barabara. Kila mwisho wa mwezi tunakutana nje ya kibanda chake: mpira wa breki uliokwisha hubadilishwa, na kila baiskeli hubandikwa kiakisi mwanga nyuma na kwenye pedali.

Matuta mawili yaliwekwa mwanzoni mwa 2025, pamoja na alama za mwendo, na kipande kifupi cha ukingo wa lami kikapanuliwa. Mwanafunzi wangu alipona, akaendelea kuja shuleni kwa baiskeli. Kilichobaki ni makutano ya barabara kuu upande wa Maili Sita, ambako wapanda baiskeli wanaotoka Bahati hawana mahali pa kusubiri penye usalama. Tumekwisha kuyapima, na tunajua ni ya nani. Barua ina ukurasa mmoja na picha 4, nayo itapelekwa wiki ya kwanza ya Agosti.